Kibati cha Moti

Kila Jumamosi Laker alimwogesha mbwa wa Kapteni Mansur kwa sabuni, na kila Jumamosi alitamani angekuwa yeye ndiye mbwa. Si mzaha. Mwaka ule wa 1974 sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa Kampala. Watu walifulia majani ya mpapai, na wake za waheshimiwa walivutana mashati kwenye foleni kwa ajili ya mche mmoja. Moti alisimama ndani ya karai, povu hadi masikioni, akapiga miayo. Alipomaliza, Laker hakusuuza mikono yake. Alimvua binti yake Akwero gauni, akalifua katika maji yaleyale yaliyotoka mwilini mwa mbwa, kwa kuwa yalikuwa bado na utelezi.

Nusura, mke wa kapteni, alikaa barazani, pindo la kanga amelikusanya mapajani lisipeperukie upande wa karai. Alikuwa mzaliwa wa Kisenyi, binti wa mwalimu wa madrasa ambaye wazee wake walifika na misafara kutoka pwani, na kwake mbwa alikuwa najisi, awe wa thamani gani. Huyu hata hawakumnunua. Walipewa pamoja na nyumba, Mhindi mwenye nyumba alipofukuzwa nchini akaondoka na sanduku lake. Ilibidi apatikane mtu asiye Mwislamu wa kumlisha na kumsugua, ndipo Nusura akamkumbuka jirani yake wa zamani.

Jirani, naam. Walipika kwenye jiko moja kambini, chumba kwa chumba, waume zao wote makoplo. Kisha serikali ikapinduliwa. Otema, mume wa Laker, akaitwa mkutanoni pamoja na Waacholi wenzake, kabila lililoshukiwa na watawala wapya, na lori lililowachukua likarudi tupu. Mansur akapanda cheo juu ya cheo mpaka akapata nyumba kubwa huku mlimani Mbuya. Laker akatolewa kambini, akateremkia vibanda vya Kinawataka, bondeni kwenye mbu. Aliye juu mngoje chini, husema watu. Laker alikuwa chini tayari, amengoja mpaka miguu imekufa ganzi, na yule wa juu ndiyo kwanza anaongeza ukuta.

Basi alimwonea Nusura wivu. Alimwonea wivu kwa mume anayekoroma, kwa sukari, kwa shingo yake iliyonawiri. Huo hakuuonea haya, maana binadamu kumwonea binadamu mwenzake wivu ni jambo la kawaida. Wivu wa mbwa ndio uliomwumiza.

Mvua zilipoanza, mjumbe wa serikali alipita na kipaza sauti. Huko Ggaba mbwa mwenye kichaa alikuwa amewauma wachuuzi wa samaki, kwa hiyo mbwa wote wachanjwe. Atakayeonekana bila kibati shingoni atapigwa risasi. Watu wa bondeni waliwakokota mbwa wao hadi kiwanja cha mpira, kwa kamba za mbuzi na vipande vya shuka. Mbwa walidungwa, wakabweka, wakakojolea miguu ya wenyewe, kila mmoja akarudi na kibati chake.

Kwa kapteni, mchanjaji alipanda mlima mwenyewe na baiskeli. Laker alimshika Moti kwa mkanda wa shingoni. Mchanjaji alijaza bomba la sindano, akamtazama askari wa getini na bunduki yake, kisha akamtazama mbwa.

"Nyabo, mama, hii mbwa ni ya afande mwenyewe?"

"Ni yake."

"Juzi mbwa moja ilikufa nyuma ya sindano. Ilikuwa na ugonjwa yake, lakini watu wanasema ni sindano." Akalishusha bomba. "Sasa hii ikikufa, mimi nitamwambia afande nini?"

 Laker pia hakujua watu humwambia afande nini.

Mchanjaji akaimwaga dawa kwenye majani, akachagua kibati kinachong'aa kuliko vyote, akakifunga kwenye mkanda wa Moti. "Tayari imechanjwa!" akapaza sauti ili askari asikie, akapanda baiskeli yake.

Laker alimsimulia Nusura siku ileile. Nusura alicheka mpaka akafuta machozi, kama enzi zile za jiko moja. "Loo, Mama Akwero! Hata mbwa wetu anaogopwa!"

Laker naye alicheka. Mbwa wa bondeni walilia kwa maumivu kwenye kile kiwanja. Huyu alikula nyama, akaoga sabuni, na hata maumivu akasamehewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mbuya: mbwa wa maskini walichanjwa, wa mkubwa akapewa pambo.

Baada ya majuma kadhaa Moti alikataa nyama. Alijilaza chini ya gari, akatafuna mnyororo, mate yakimvuja.

"Mama Rahima, mbwa haiko sawa," Laker alisema.

"Ameshiba tu huyo," Nusura akajibu.

Kesho yake watoto walikuwa wakicheza uani. Moti aliuramba mkono wa Rahima, binti wa Nusura, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Kisha Akwero akamsogelea na mfupa aliotumwa kumpelekea. Moti hakuutaka mfupa. Alimkamata mtoto mkono, akaung'ang'ania, na hakuuachia mpaka askari alipomtandika kwa kitako cha bunduki. Mbwa alipojivuta kwenda kando, askari akampiga risasi.

Nusura alimwosha Rahima mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama baba yake alivyomfundisha, kisha akampaka sabuni mpaka kwapani. Laker alisimama kwenye bomba la uani, damu ya mwanawe ikimtiririkia miguuni, akingoja mtu akumbuke kwamba sabuni ile ingeweza kufika na huku. Hakuna aliyekumbuka. Alilisafisha jeraha kwa maji matupu, akalifunga kwa kitambaa alichochana kwenye leso yake.

Kwenye zahanati ya serikali, mganga alifungua kitambaa, akauliza, "Mbwa ya nani?"

"Ya Kapteni Mansur."

Mganga aliacha kuandika. "Ilikuwa na kibati?"

"Ilikuwa. Lakini haikuchomwa sindano. Mimi niliishika, niliona na macho yangu."

Mganga akainuka, akafunga mlango. "Nyabo, unataka nini na mimi? Kama iko na kibati, imechanjwa. Sindano ya watu ni ngumu kupata, ni kumi na nne za tumboni, na lazima nieleze kwa nini nimetoa. Nitaandika kwamba mbwa ya afande ilikuwa na kibati ya uongo?"

"Mtoto yangu je?"

"Afande mwenyewe aje aseme kwamba haikuchanjwa. Neno moja tu, nitachoma leo leo." Akamfunga Akwero bandeji kwa uangalifu, vizuri kabisa. "Kwa sasa, muangalie. Akianza kukataa maji, mlete."

Laker hakuuliza amlete ili iwe nini. Alipokuwa mtoto huko kwao, aliona mtu aliyeumwa na mbwa akirushwa na mshituko kwa kuona tu kibuyu cha maji. Hakuna aliyempeleka popote baada ya hapo, ila kaburini.

Akapanda mlima na Akwero mgongoni. Sebuleni kwa Nusura, Rahima alikuwa amelala kwenye kochi, gauni limepandishwa, na tumboni, kando ya kitovu, palikuwa na uvimbe mwekundu wa sindano. Mezani palikuwa na biskuti kwenye sahani na chai yenye sukari.

"Nilidungwa hapa," Rahima akamwambia Akwero kwa majivuno. "Daktari alikuja na gari. Atakuja tena kesho, na tena, na tena."

Akwero alilitazama tumbo lile, akazitazama biskuti, kisha akamtazama mama yake.

Wivu ulimpanda Laker mpaka macho yakaingia giza. Mtoto wa huyu amerambwa. Mtoto wake ameng'atwa mpaka nyama ikaonekana.

"Mama Rahima," alisema, "kama mbwa ilichanjwa, huyu anadungwa ya nini?"

Nusura alishughulika na pindo la kanga yake. "Baba Rahima anasema ni ya usalama tu."

"Mimi nilikwambia haikuchomwa. Tulicheka hapa, wewe na mimi."

"Usiseme kwa sauti, mwenzangu."

"Basi mwambie aseme neno moja kwa mganga. Moja tu. Nakuomba kwa jina la yule jiko yetu."

"Akisema hivyo ataulizwa kibati kilitoka wapi. Yule mchanjaji watamchukua usiku." Nusura aliinua macho, na kwa mara ya kwanza yalikuwa na maji. "Na wewe unajua wanaochukuliwa hawarudi. Unataka mke wa mtu mwingine awe kama wewe?"

 Mlango ukafunguka kabla Laker hajajibu, Kapteni Mansur akaingia, kofia mkononi, mchangamfu.

"Ah, mke ya Otema! Habari ya bonde?" Akamshika Akwero kidevu. "Otema ilikuwa rafiki yangu sana. Pole kwa mtoto. Nasikia zahanati nasumbua wewe?"

"Wanasema... afande, wanauliza kama mbwa..."

"Kama mbwa nini?"

Nusura alitazama sakafu. Laker alitazama viatu vya kapteni, jinsi vilivyong'arishwa.

"Kama mbwa ilichanjwa, afande."

"Wewe nauliza, ama wao nauliza?"

"Wao, afande."

Mansur akacheka. Alitoka uani, akarudi na mkanda wa Moti, akakikwanyua kibati na kukipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni. "Hii ni ya serikali. Serikali hapana danganya. Peleka, waonyeshe. Mtoto yako iko salama kabisa."

Laker alikipokea kwa mikono miwili. "Asante, afande," alisema, na akajichukia kwa jinsi neno lilivyotoka laini.

Njiani kuteremka, Akwero alilalamika mgongoni. "Mama, mbona Rahima alipewa sindano na mimi sikupewa? Mimi ndiye nilishika mfupa." Kisha akanyoosha mkono usio na jeraha. "Basi nipe hiyo."

Akakitunga kibati kwenye uzi, akakivaa shingoni. Jioni ile aliwapitia watoto wa vibanda, kifua mbele. "Mimi pia nimechanjwa," akawaambia. Laker alitaka kumvua, kisha akamwacha nacho.

Moti hakuwapo tena, Nusura akamgeuzia Laker kazi, akawa anafua nguo za nyumba ile. Sabuni alipewa ya kutosha, hata nusu mche wa kwenda nao nyumbani. Jeraha la Akwero lilifunga vizuri, likabaki kovu. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, Laker alijaza kikombe cha bati kwenye bomba la uani, akampa mtoto, akalitazama koo lake likipanda na kushuka. Ndipo yeye alipoweza kupumua.

Siku ya sindano ya mwisho, gari la daktari lilisimama mbele ya nyumba. Rahima alianza kupiga kelele hata kabla hajashikwa. Alilia kwa nguvu, akimwita mama yake, akimwita baba yake, na sauti yake ikajaa uani kote. Laker alisimama na kikombe mkononi, akasikiliza. Katika maisha yake yote hakuwahi kuonea wivu kitu chochote kama alivyokionea kilio kile.

"Kunywa, mwanangu."

Akwero alikipokea kikombe, akayatazama maji. Mkono mwingine ulikuwa umekishika kibati shingoni, unakigeuzageuza.

"Sina kiu, mama," alisema.