Nani Kaamua Kukata Slabu

Mafundi ndio waliombandika mtoto wa dada yangu jina la Mtarajiwa, na mimi ndiye niliyelieneza, maana neno likishafika kwenye sufuria zangu limefika kila mahali. Nilikuwa nawapikia chini ya mabati pembeni ya geti, ghorofa ikipanda mbele ya macho yangu. Mtarajiwa alikuwa anakaa kwangu, pamoja na wanangu, wifi yangu, na wapangaji ambao nao walishageuka ndugu, wanafunua vyungu bila kuuliza.

Shahada ya uhandisi alikuwa nayo. Lakini shahada peke yake haikupi muhuri. Bodi ya Wahandisi inataka kwanza ufanye kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mwenye leseni, na huyo mhandisi aandike kwa mkono wake kwamba kazi yako ameiona na anakudhamini. Ndiyo maana kila asubuhi mafundi walimtania, "Mtarajiwa, harusi lini?" Naye anawajibu huku anafunga kofia yake ngumu, "Bwana harusi bado anajifikiria."

Bwana harusi mwenyewe alikuwa mhandisi mkuu wa pale, tuliyemwita Mzee Ngoja. Ubao ukikatwa mfupi, "Ngoja nije." Nondo ikipinda, "Ngoja nije." Si mtu mbaya, nisimsingizie. Zamani alimwamini mwenzake kwenye jengo fulani, boriti ikapasuka, na tangu hapo haamini jicho la mtu ila lake. Kwake wanafunzi walijifunza kila kitu isipokuwa kuamua.

Basi miaka mitatu ilipotimia, Mtarajiwa akapeleka maombi, Bodi ikayarudisha. Kazi tumeiona, walisema, sasa mwombaji aeleze ni jambo gani aliliamua yeye. Akilipata, mhandisi wake alithibitishe kwa saini, naye ajieleze kwenye kikao kijacho. Asipolipata, aanze upya mafunzo kwa mhandisi mwingine.

Tulikaa sebuleni nyumba nzima, kila mtu na ushauri wake.

"Si useme uliamua kuolewa na saruji," wifi yangu akasema.

Mtarajiwa hakucheka. "Mama mdogo, sina cha kuwaambia. Miaka yote hii sijaamua hata msumari ukae wapi."

Siku ya kumwaga slabu, sakafu ya zege, ya ghorofa ya tatu, Mzee Ngoja alifika alfajiri shavu limevimba kama kaficha andazi. Alikagua nondo zote, akatikisa kila mhimili wa mbao, akaruhusu kazi ianze. Jino lilimkaba mpaka mchana, likamshinda. Akamwambia nyapara, "Nakwenda kung'olewa, narudi sasa hivi. Jambo lolote, nipigieni." Kwa sheria yao, siku ya slabu mhandisi mwenye leseni haondoki bila kuacha mwenye leseni mwingine. Lakini kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na jino ni jino.

Hajafika mbali, pampu ya zege ikakohoa, ikanyamaza.

Mwenye pampu akafungua huku, akagonga kule, akatangaza kwamba kuna kifaa kimevunjika na pampu nyingine haipatikani mpaka kesho. Juu kule zege lilikuwa limefika karibu na mstari wa nguzo, likakomea hapo, ukingo wake umelala kama uji uliomwagika. Wingu nalo lilikuwa linajikusanya.

Mtarajiwa akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Nilikuwa nimepanda na birika la chai, maana pakinyamaza ghafla mahali penye kelele mimi siwezi kubaki chini.

"Tuache hapohapo," nyapara akasema. Huyo tulimwita Kamanda, mtu wa sauti nene na moyo laini. "Kesho tunaendelea."

"Hapohapo hapawezi," Mtarajiwa akasema. "Tukiacha hivi, jipya na la zamani yataungana karibu na nguzo, na karibu na nguzo ndiko slabu inakobanwa zaidi. Pakipasuka, patapasuka hapo."

"Kwa hiyo?"

"Turudi nyuma. Tulikate katikati ya nguzo na nguzo, tusimamishe mbao wima, kesho tuungie hapo."

Mafundi wakaguna. Kurudi nyuma maana yake ni kuchota kwa mabeleshi zege walilolitandaza sasa hivi kwa jasho lao, kulishusha na kulitupa.

"Mtarajiwa," Kamanda akasema polepole, "nimemwaga zege tangu hujazaliwa. Mzee hataki mtu aguse kitu asipokuwepo. Na wewe saini yako anayo yeye. Unanielewa?"

Alimwelewa. Nilimwona akiitazama simu, kisha zege, kisha wingu. Akachovya kidole kwenye ukingo ule, akakitazama. Lilikuwa limeanza kushika.

"Kateni," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akarudia, "Kateni. Anzieni hapa." Akachukua beleshi yeye mwenyewe akaanza kuchota. Kamanda akamwangalia hivi, akatema mate pembeni, akawapigia wengine mluzi. Mvua ilipoanza kudondoka walikuwa wanapigilia mbao za mwisho na kutandaza maturubai.

Kamanda akamvuta Mtarajiwa mpaka kwangu chini ya mabati. "Sikiliza, mwanangu. Mzee akija, mimi ndiye niliyesema. Wewe hujui kitu. Hapa makosa yote ni ya nyapara, ndiyo kazi yetu." Na kweli ndivyo walivyoishi pale, kijana akiharibu, Kamanda anasema mimi, anatukanwa, anakunywa chai, yanakwisha.

Mimi nikashukuru kimoyomoyo.

Mzee Ngoja akaingia getini na pamba mdomoni. Kitu cha kwanza alichokiona ni rundo la zege lililotupwa, linaganda hatua chache kutoka jikoni kwangu. Akasimama.

"Nani kaamua kukata?"

"Mimi, Mzee," Kamanda akasema.

Mabeleshi yalikuwa yanaoshwa kwenye pipa, yakaacha kugongana. Nikamtazama mtoto wa dada yangu, nikimwomba kwa macho anyamaze. Angenyamaza, angebaki na saini yake na asiwe na kitu cha kuwaambia Bodi. Angesema, angekuwa na la kuwaambia na asiwe na saini.

"Ni mimi," akasema.

"Mtoto anajipendekeza tu, Mzee," Kamanda akarukia.

"Kamanda alinikatalia. Mimi ndiye niliyewaambia wakate."

Mzee akamgeukia. Mdomo ulikuwa bado umekufa ganzi, maneno yakatoka mojamoja. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mtu hakuna. Nilikupigia hukupokea, na zege halikutaka kungoja."

Akapanda juu, Mtarajiwa na Kamanda nyuma yake. Nikajaza birika nikafuata. Chai hawakuiomba, lakini hakuna aliyenifukuza. Mzee akachuchumaa kwenye ule mkato, akafunua turubai, akapima kutoka nguzo hii, akapima kutoka nguzo ile. Akagonga mbao kwa konzi.

"Kwa nini hapa?"

Mtarajiwa akamweleza. Mzee akasikiliza huku ameshika shavu.

"Na kama ungekosea?"

"Tungevunja. Na usingeniwekea saini."

"Na sasa?"

"Na sasa bado unaweza usiniwekee."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji uliopasuka, akatazama mvua. "Nikiandika kwamba uliamua wewe, wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

Hapo ndipo nilipoliona fundo lenyewe. Akisema alikuwepo, uamuzi ni wake. Akisema hakuwepo, amejishitaki, na pengine Bodi waseme kazi hiyo haikusimamiwa, wasiihesabu.

"Mzee, andika ulikuwa umesimama pembeni ukamwachia," Kamanda akasema. "Nani atatoa habari? Sisi wote hapa midomo imefungwa."

Wote wakanigeukia mimi.

"Jamani," nikasema, "mimi nimeleta chai tu."

Mtarajiwa akatikisa kichwa. "Wakiniuliza ulisimama upande gani, ukaniambia nini, niwajibu nini? Mimi siwezi hiyo, Mzee. Bora nianze upya."

Mzee akainuka, akajifuta suruali, akashuka. Hakuaga.

Siku zilizofuata nyumba yangu ilinuna. Hata wapangaji walikula kimyakimya, na kwangu hilo halijapata kutokea. Mtarajiwa alikwenda kazini, akaungia slabu yake, akarudi. Mzee alimpa kazi kama kawaida na hakugusia kitu.

Mpaka ikabaki kidogo tu kikao kifike. Mzee akaja jikoni kwangu, akaomba chai ya vuguvugu kwa ajili ya pengo lake.

"Mwambie mwanao nimeshapeleka barua Bodi," akasema. "Nimeandika nilikuwa kwa daktari wa meno. Nimeandika niliporudi nilipima, na ningekata palepale."

"Na wewe watakufanyaje?"

Akapuliza chai iliyokwisha poa. "Tutaona."

Siku ya kikao tulijaa sebuleni pamoja na majirani. Mtarajiwa alipoingia alivua viatu kwanza, taratibu, mpaka wifi yangu akamwambia asituue.

"Wameniuliza nani kaamua," akasema. "Nikawaambia. Wakanisimamisha mpaka miguu ikafa ganzi, mbona hivi, mbona usisubiri. Halafu wakasema kazi ile wanaihesabu, muhuri nitapewa." Akakaa chini. "Mzee wamempa onyo la maandishi."

Vigelegele vilipigwa, lakini yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Slabu ya ghorofa ya nne ilimwagwa jua limechomoza vizuri. Pampu inanguruma, magari ya zege yamepanga foleni mpaka barabarani, Kamanda akaja mbio jikoni alikokaa Mzee Ngoja.

"Mzee, tuanze?"

Mzee alikuwa na mkate mdomoni. Akaonyesha juu kwa kidevu. Kule Mtarajiwa alikuwa anazunguka nondo, anainama, anatikisa mhimili mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye kona akasimama, akachungulia kitu, akanyanyua mkono.

"Ngojeni," akasema.

Mafundi wote wakaguna kwa pamoja. "Tumekwisha," Kamanda akaniambia. "Amerithi."