Kalibu ya Mimbari

Mtu akikwambia anajua useremala kwa sababu ametazama video, mpe randa uone atakavyoishika. Dullah, mtoto wa mama yangu mdogo, aliishika kama anapiga pasi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, kazi yake kununua jinzi huku Xintang na kuzipeleka sokoni Darajani, Unguja, leo kaja kunifundisha mie kazi ya mbao. Mie Hasna binti Makame, niliyekulia ndani ya maranda ya baba yangu.

Karakana yenyewe ni ya laobani Chen, bosi wa samani hapa Guangzhou, mtu wa chai na sigara. Nakshi mashine zake zinachonga vizuri, simsingizii. Lakini alipofika kwenye ngazi ya mimbari niliyomwagiza, pale mkono wa ngazi unapoingia kwenye nguzo kwa mshazari, akaniletea boksi la skrubu. Mashine yake inatoboa tundu wima tu. Nikamwambia nataka tundu na ulimi, mti uingie ndani ya mti. Akasema meiyou, hakuna, neno wanalolipenda hapa kuliko salamu. Mimbari ya skrubu! Khatibu apande Ijumaa mbele za watu, ngazi imlilie kama kitanda cha kamba.

Ile ya zamani, ya msikiti wa mtaani kwetu Unguja, aliitengeneza baba kabla sijazaliwa. Mchwa wameila. Wazee wa msikiti wakaona mikono ya baba siku hizi inatetemeka, wakaniagiza mie niwapatie nyingine huku China, ifike kabla ya Iddi Kubwa. Nikakubali. Tangu siku hiyo baba hasemi nami, wiki sita sasa. Nikipiga simu anapokea mama, na kwa nyuma namsikia yeye anakohoa. Basi nilitaka mimbari ikifika apitishe vidole kwenye kila kiungo, akose kasoro, na labda hapo atafungua mdomo.

Dawa ilikuwa ni kutengeneza kalibu, yaani kibao cha kuushika mti kwa mshazari ule ule chini ya mashine, tundu zote nane zitoke sawa. Laobani akatupa Jumamosi moja tu. Jumatatu kontena linafungwa.

Dullah, aliyerudi kutoka Unguja siku mbili kabla, akaja na mchoro wa rangi tatu kwenye simu, na kalibu keshaikatisha kwa leza kwa mtengeneza vibao vya maduka kule Liuhua. Ya mbao ya unga, ile inayogandishwa kwa gundi. Nyororo, ina hata jina lake pembeni, hebu fikiria. Msimu huu Guangzhou kuta zinatoka jasho, shuka haikauki wiki nzima, na bwana huyo kaileta tangu jana yake akaiacha sakafuni. Nilipoishika ilikuwa imeumuka kama andazi. Akaniambia kwenye video haikuumuka. Nikamwambia basi video hiyo ilipigwa jangwani.

Kilichokuwa kinatakiwa ni mti mgumu, mkavu, wa kufanyia mashavu mawili ya kalibu, vile vibao vya kuubana mti huku na huku. Nikapekua mabaki yote ya laobani, kila nikishikacho kibichi. Dullah akafungua begi lake akatoa kipande kilichofungwa kwa khanga.

"Da Hasna, hiki nimepewa kwenu…"

"Kwetu hawakukutuma ufikiri. Lete."

Kilikuwa mvule, kizito, kikavu kama mfupa, cheusi kwa mafuta. Kina tundu mbili, na ukingo mmoja umekatwa upande. Nikacheka. Nikasema aliyekikata hiki bila shaka alikuwa anasinzia, mti mzuri kama huu umeharibiwa na mtu asiyejua hata kushika guni la kupimia pembe. Dullah akataka kusema tena, nikamwambia asinimalizie pumzi, ashike upande wa pili. Nikapitisha msumeno. Nikatoa mashavu yangu mawili, ule ukingo wa upande nikautupa chini ya meza.

Kazi ya kweli haina rangi tatu. Mtunza msikiti alikuwa kanipa kimo cha kidato na upana wake. Nikaichora ngazi kwenye plaiwudi kwa ukubwa wake halisi, nikaupata mshazari, nikayafunga mashavu juu ya mstari wa penseli. Tukajaribu kwenye kipande cha kutupwa. Tundu likatoka kombo. Kumbe ile alama ninayoweka kwenye uso wa mti, ambayo vipimo vyote huanzia hapo, Dullah kaifuta. Eti inachafua mbao. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, mama yake ni mama yangu pia.

Mara ya pili ulimi uliingia kwa ngumi mbili, kisha hapakupita hata ukucha. Laobani akaja, akapapasa, akasema hao, vizuri, akarudia tena. Akaomba nimwachie kalibu. Nikamwambia sahau. Kwetu fundi hamwachii mtu kalibu yake, ndiyo kazi yenyewe. Baba alipokuwa akiitoa yake sandukuni, sote tulitolewa nje, hata kaka zangu. Sikuwahi kuiona.

Nikampigia mama picha ya kile kiungo, nikatuma. Haikupita dakika simu ikalia. Hakuwa mama.

"Hasna."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ile kalibu, Dullah kakupa?"

Nikamgeukia Dullah. Alikuwa anayatazama yale mashavu ya mvule.

Baba akaendelea kusema, taratibu, kama mtu aliyejipanga. Alipewa na mjomba wake, na ile mimbari ya mwanzo alitengeneza kwayo. Alikaa siku nyingi akiwaza, hakujua aniambie nini, akaona bora anipe hiyo. Hajawahi kumpa mwingine.

Nikainama chini ya meza, nikauokota ule ukingo wa upande, nikauweka juu ya mchoro wangu. Ukalala juu ya mstari wa penseli bila kupungua wala kuzidi. Siku nzima nimetafuta mshazari nilioukata na kuutupa kwa mkono wangu.

"Imekufaa?"

"Imenifaa, baba."

"Alhamdulillahi. Basi Iddi uje na kalibu yenyewe niishike."

Akakata simu. Nikabaki na ule mti mkononi, nimeona aibu. Dullah akaokota khanga, akaikung'uta unga wa mbao, akaikunja vizuri. Ilikuwa khanga ya mama, na mie sikuitambua hata hiyo.

"Mwambie nimeikata mie," akasema. "Ataamini."

Na kweli angeamini, bila kuuliza mara mbili. Mie mwenyewe ningeamini.