Mke au Mjane

Miaka sita Wulfrun alivaa shela bila kuwa mtawa. Aliingia kwenye nyumba ya masista majira ya baridi yale Wanormani wa Ufaransa walipomuua mfalme wa Waingereza na kuanza kugawana nchi, mashamba pamoja na wajane wa waliokufa vitani. Wanawake wa Kiingereza walikimbilia humo kama vifaranga waliomwona mwewe, kwa sababu mwenye shela haozwi kwa askari.

Sasa askofu, naye Mfaransa, alikuwa ametuma mjumbe. Kila mwanamke aulizwe: ulikuja kwa kumpenda Mungu au kwa kutuogopa sisi? Wa mapenzi abaki mpaka kufa, wa hofu avue shela aende kwao.

Kwao! Mume wa Wulfrun, Ordgar, aliondoka shayiri ikiwa imevunwa nusu, shoka begani, akisema angalia kondoo wasiingie shambani, narudi. Waliorudi kutoka vitani hawakumwona akianguka. Kila jioni masista waliwaombea wafu wa vita kwa majina, na mara tatu Mama Mkuu alimwomba jina la Ordgar, mara tatu akamnyima. Alimtamani mumewe, tusifichane. Alitamani masharubu yake yenye harufu ya pombe, na hata ule mkoromo uliokuwa ukimkera.

Zamu yake ilipofika, Sista Hild alimnong'oneza, "Mcheki mkalimani! Mwingereza mwenzetu, kanyoa kisogo Kifaransa. Utadhani kuku aliyenyonyoka manyoya."

Wulfrun hakucheka. Alisimama mbele ya mjumbe, na mkalimani akainama kidogo.

"Dada, nisikilize vizuri. Shamba la Ordgar analo Bwana Rauf, Mfaransa, na hana mke. Ukiwa mjane, anakuoa, unarudi jikoni kwako."

"Na nikitaka kubaki hapa?"

"Hapa pia lazima uwe mjane. Mke wa mtu hawi mtawa bila ruhusa ya mumewe. Kwa hiyo sema kwanza amekufa, halafu chagua."

"Nikisema yu hai je?"

Mkalimani alimtazama mjumbe, akashusha sauti. "Basi wewe ni mke wa mwasi aliyejificha. Shamba huna, shela huna, unatoka na nguo uliyovaa. Miaka sita, dada yangu! Sema neno moja tu, watu tukale."

Wulfrun alijaribu. Alifungua kinywa, akaliona jiko lake, mizinga yake ya nyuki, kitanda chake kikiwa kimelaliwa na Mfaransa. Akafunga kinywa. Mjumbe alianza kugonga meza kwa kidole.

"Nilikuja kwa hofu," alisema. "Na mume wangu yu hai."

Mkalimani akatafsiri bila kumtazama.

Adhuhuri ile ile alivua shela. Hild, huku akilia na kumtukana kwa upumbavu wake, alimfungia mkate na kipande cha jibini. Mama Mkuu alimsindikiza mpaka langoni, akamshika mkono asitoke.

"Mwanangu, una hakika yu hai?"

"Sina, Mama."

"Sasa mbona umejitupa njiani?"

"Nchi nzima imeshamzika, Mama. Na mimi nikimzika, akirudi, atarudi kwa nani?"

Mama Mkuu alimwachia mkono, akafungua komeo.