Bado, Kiache Kifuke Moshi

Mama alikufa, lakini kelele zake hazikutoka jikoni. Aliziacha kwa kasuku wetu, tuliyempa jina la Mmbea kwa kuwa hakuwa na siri hata moja. Kila Baba alipowasha jiko la gesi, Mmbea alinyoosha shingo ndani ya tundu na kufoka kwa sauti ya Mama, ile yenye mkwaruzo mwishoni: "Bado! Kiache kifuke moshi kwanza!"

Ndivyo Mama alivyokaanga maisha yake yote. Kikaango chake cha chuma kilikaa motoni kitupu hadi kifuke, ndipo mafuta, ndipo mayai. Ukiharakisha, yai linaganda na wewe unatukanwa.

"Sawa, bibie," Baba alikuwa akimjibu ndege, kisha anangoja.

Mimi mwili ulinisisimka. Kumsikia marehemu akigomba asubuhi asubuhi si mzaha. Nikapendekeza kasuku tumpe jirani.

"Mwanangu, picha zake ninazo tele," Baba alisema. "Sauti ni hiyo moja tu. Hata kwenye simu hatukumrekodi. Akiondoka huyo, nimefiwa mara ya pili."

Mmbea akabaki.

Mikono ya Baba ilikuwa imeanza kutetemeka, na kile chuma kilimlemea. Nikamnunulia kikaango chepesi, cheusi, kati ya vile visivyogandisha chakula. Mmbea alikikagua kwa jicho moja. "Mh!" akasema. Hata hiyo ilikuwa ya Mama, aliyoitoa akiletewa zawadi asiyoitaka. Tulicheka hadi machozi.

Kesho yake nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia jiko likiwashwa.

"Bado!"

"Sawa, bibie."

Kikaango kipya hakikuwa na masalio ya mafuta ya miaka na miaka, ya kufuka upesi kama kile cha chuma. Baba akangoja. "Bado! Kiache kifuke!" Akazidi kungoja. Sauti ikaja tena, ya chini, kisha haikuja tena.

Niliingia nikakutana na harufu kali iliyonikaba koo. Baba alikuwa anakohoa, mwiko mkononi, bado anangoja kuambiwa. Mmbea alikuwa amelala sakafuni mwa tundu, mabawa wazi.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, nimemfunga kwenye kanga ya Mama.

"Kikaango kisichogandisha," daktari alisema kabla sijamaliza kueleza. "Mlikiacha motoni kitupu, sivyo? Ule utando ukipata moto kupita kiasi hutoa hewa yenye sumu. Mtu anaweza kukohoa na kushikwa na homa. Ndege akiivuta mara moja tu, amekufa."

"Na mayai yenyewe?"

"Moto wa kiasi, chakula kikiwa ndani, hakuna neno. Ubaya ni kukiunguza kitupu."

Nilimweleza Baba yote. Sikuwa na moyo wa kumficha, ingawa nilijua mawazo yake yatafika wapi.

"Lakini ni yeye aliyeniambia ningoje," alisema.

Siku zikapita. Chakula akawa anakisogeza tu kwenye sahani. Lile tundu tupu nilichukia kulipita. Nililifunika kwa taulo, na bado nilihisi naangaliwa.

Ndipo asubuhi moja nikatoa kile chuma uvunguni mwa meza, nikafungua dirisha, nikawasha jiko. Baba akaja kimyakimya na chupa ya mafuta, akainamisha mkono kumimina papo hapo, bila kujali.

"Bado!" nikafoka. "Kiache kifuke moshi kwanza!"

Mkwaruzo ulitoka mwishoni, palepale pake. Sikuwa nimewahi kuusikia kooni mwangu. Nywele zilinisimama, nikataka kuomba radhi, nikaogopa kufungua mdomo.

Nyuma yangu chupa iliwekwa mezani, taratibu.

"Sawa, bibie," Baba akasema.

Kikaango kilianza kufuka, na mimi sijathubutu kugeuka.