Ng'ombe wa Wakia Kumi na Mbili

Ng'ombe wa Thomasin Budge alikufa wakati wa Kwaresima, na muuza jibini asiye na ng'ombe ni mjane tu mwenye ndoo. Alikuwa na shilingi mia moja za madini ya fedha ndani ya soksi, zote zimekatwa kingo na wajanja hadi uso wa mfalme umebaki pua. Alitaka kuzitumia mapema. Shemeji yake, Obadiah, akamzuia.

"Shilingi ni shilingi, shemeji. Thamani ni jina. Bunge litaligusaje jina?"

Bunge lililigusa. Tangu Mei iingie, fedha iliyokatwa ilipokelewa kwa uzito tu, na shilingi mia za Thomasin zikawa wakia kumi na moja. Giles Hatherell alitaka wakia kumi na mbili kwa ng'ombe wake, leo hii, la sivyo anampeleka kwa mchinjaji.

Thomasin hakubabaika.

"Tupimie kwenye mizani yangu," alisema, soko zima likisikia. "Siku zote nasema uzito ndio ukweli."

Chini ya kitanga cha kulia, anakowekea jibini, alikuwa amegandisha kwa nta kipande cha madini ya risasi chenye uzito wa wakia moja. Kilikuwa hapo tangu marehemu mumewe yu hai.

Giles akamimina shilingi kwenye kitanga cha kushoto.

"Weka kulia, Bwana Giles. Ndiko ninakopimia."

"Kwani kuna tofauti?"

"Hakuna."

"Basi."

Akapanga mawe ya wakia kumi na mbili kulia. Kitanga kikashuka kwa kishindo.

"Mbona zimepungua tena?" Obadiah akauliza.

"Nimekula jibini yako miaka kumi na moja, Bibi Budge," Giles alisema taratibu. "Kila nikifika nyumbani imepungua. Mke wangu alidhani naila njiani."

Thomasin alishikwa na aibu na hasira, hasira zaidi. Wateja wake walikuwa wanatazama. Ng'ombe alikuwa anatazama kabichi za watu. Bila ng'ombe huyo, kufikia mavuno hakutakuwa na jibini ya kupunja. Akaingiza mkono chini ya kitanga, akabandua kile kipande, akakiweka mezani.

Giles akakifuta nta, akakiweka juu ya shilingi. Mizani ikasimama sawasawa.

"Kumi na mbili. Tumemaliza."

"Hiyo si fedha!" Thomasin alisema, kwa uchungu wa mtu apendaye ukweli.

"Najua. Ila ikikaa mfukoni mwangu badala ya chini ya kitanga chako, kwangu ina thamani ya wakia nzima."

Akakusanya vyote, akamkabidhi kamba.

"Si nilisema?" Obadiah akafurahi. "Imeitwa fedha, imekuwa fedha!"

"Nyamaza, shemeji. Shika ng'ombe."

Mke wa mwokaji mikate alikuwa ameshasogea mezani, anataka ratili moja. Thomasin akakata, akapima, akaongeza, akaongeza tena. Hakuwahi kujua kwamba ratili ni kubwa hivyo.