Ulimi Uliofungwa

Mtoto alikuwa na wiki moja tu, na alikuwa anakwisha. Akiwekwa titi ananyonya kidogo, linamponyoka, analia mpaka sauti inakauka. Mama yake matiti yalikuwa yamemvimba, macho mekundu kwa kukesha.

Daktari wa kliniki alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui. Dada wa mzazi, mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyetafsiri. Mama mkwe wa mzazi alisimama karibu na mlango, mkoba kwapani.

Daktari alimfumbua mtoto kinywa, akachungulia, akasema, "Tongue-tied."

Dada akasita. Darasani neno hilo alilifundisha kwa mtu aliyeshikwa na haya akakosa la kusema. Sasa kichanga kina haya gani? Akaona heri alitafsiri lilivyo.

"Anasema mtoto amefungwa ulimi."



"Amefungwa?" Mama mkwe alisogea mbele. "Na nani?"

"Mama, sikumaanisha..."

"Na nani? Tangu azaliwe, nani hambandui mikononi kama si wewe? Hukujaliwa wako, ndiyo umfunge wa mwenzio?"

 Dada akamgeukia mdogo wake, mama wa mtoto, amtetee. Mdogo wake alimkumbatia mtoto kifuani, akarudi nyuma. Hilo ndilo lililomchoma.

Daktari aliuliza kulikoni. Dada akamweleza. Daktari akawaita wote karibu, akanyanyua ulimi wa mtoto kwa kidole. Chini yake palikuwa na kijingozi chembamba kilichoushikilia karibu na ncha. Neno lilianzia hapo, alisema, kwenye ulimi wenyewe. Wenye haya walifananishwa tu na watu wa namna hii.

Dada akatafsiri polepole.

"Kumbe udata!" mama mkwe akapaza sauti. "Si mngesema udata tu!" Kisha akanywea.

Mkasi ukapita mara moja kwenye kijingozi. Mtoto akapiga kelele, tone la damu likatoka, akawekwa titi. Safari hii hakuliachia. Wakamsikia akimeza.

"Mwanangu, nimekukosea," mama mkwe alisema.

"Yameisha, mama." Dada akatoka, akakaa kwenye benchi la korido, machozi yakimtiririka.

Mdogo wake akamfuata na mtoto, akaketi kando yake.

"Niliogopa, dada."

"Najua," dada akajibu. Lakini siku hiyo hakunyoosha mikono kumpokea mtoto.