Kona ya Verna na Masharti Yake

Magoti ya Verna Stallings yalikuwa yamekwisha miaka mingi kabla ya kikao hicho, na viti vya ukumbi wa madiwani wa wilaya ya Tolliver havikuyahurumia. Alikaa akiyakanda polepole huku Terrence, afisa mipango, akieleza upya mambo ambayo kila mtu mle ndani aliyajua kwa moyo. Verna alitaka kuuza shamba lake la kona kwa kampuni ya maduka. Ardhi ile ilikuwa ya kilimo, kwa hiyo lazima madiwani wabadilishe matumizi yake kwanza. Na kwa kuwa hawakutaka baa ije iote pale kesho, wangeibadilisha kwa masharti tu, tena masharti ambayo mwenye ardhi ameyatilia sahihi.

Nyumba yake, nyuma ya shamba, haikuwamo katika biashara hiyo. Alichotaka ni kubaki na kibaraza chake na jiko lake, asipande tena trekta maisha yake yote. Tangu mumewe Clyde afe na watoto watawanyike mijini, hakuna punje ya soya iliyotoka kwenye kona ile bila kupitia kwenye magoti hayo.

Majirani hawakupinga. Watu wa Tolliver hawamwambii mtu hapana usoni, wanaona ni utovu wa adabu. Wanakuletea bakuli la viazi, wanakuuliza hali, halafu wanaomba kitu kidogo. Katika mikutano ya majirani pale ukumbi wa kanisa, katikati ya kuku wa kukaanga na chai baridi yenye sukari ya kumlaza mtu, Dwight Overcash aliomba duka lisogezwe nyuma lisionekane kutoka mlango wa kanisa. Lurleen Honeycutt akaomba magari yaegeshwe upande wa mbali, taa zisimkatize usingizi. Mwingine akataka bwawa la maji ya mvua, mwingine akataka ukanda mnene wa misonobari. Verna aliitikia yote, nayo yakaandikwa kuwa masharti.

"Haya mpenzi, haina neno," alimwambia kila mmoja.

Sasa Terrence akabandika mchoro wa mwisho ukutani. Verna akavaa miwani, akainuka kwa kushikilia kiti cha mbele. Duka lilikuwa limerudi nyuma kweli, bwawa likakaa nyuma ya duka, na misonobari nyuma ya bwawa.

"Terrence mwanangu, hiyo misonobari imesimama wapi?"

Kijana akakohoa. "Kwenye kibaraza chako, Bi Verna. Na jikoni. Nafasi nyingine haikubaki. Kampuni iko tayari kununua na nyumba."

"Na wewe unaniambia leo?"

"Nilikupigia jana mchana kutwa, hukupokea."

"Nilikuwa kwenye trekta!"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba asipotia sahihi, ombi litakuwa limekufa hapo hapo. Verna akawageukia majirani zake.

"Dwight, lirudishe mbele kidogo tu. Kidogo."

Dwight aliiangalia kofia yake mapajani. "Dada Verna, unajua ningekufanyia lolote. Lakini mlango wa kanisa, jamani!"

"Lurleen?"

"Ningekubali, dada, Mungu anaona. Ila usingizi wangu nao unaujua."

Hakuuliza wengine. Alichoka, akajua kwamba akisimama dakika moja zaidi atalia mbele ya watu aliosali nao tangu utotoni.

"Basi hapana," alisema. "Sitii sahihi."

Neno lenyewe lilimshangaza. Hakukumbuka kama aliwahi kulitamka mbele ya watu.

Nje, walimzunguka na kumkumbatia mmoja mmoja. Lurleen alikuwa na machozi. "Nilijua tu huwezi kuiacha kona ile! Nikitoka kanisani nikaikuta ya kijani, moyo wangu unatulia. Kesho nakuletea keki."

"Umetuokoa, dada," wakasema. "Umesimama imara."

Verna akawatazama. Walikuwa na furaha ya kweli, wala hapakuwa na unafiki ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alitamani kuwatukana wote, akakosa pa kuanzia.

Dwight akamfungulia mlango wa gari kama muungwana. Verna akaketi, akaunyanyua mguu mmoja kwa mikono miwili, akauingiza, kisha akaurudia wa pili. Dwight alisubiri mpaka amalize, akauegemea mlango akitabasamu.

"Na mwaka huu, dada, utatupandia nini?"

"Soya," Verna alisema. "Funga mlango, Dwight."